Siku 21 kati ya kambi ya uvuvi na nyumbani

WAVUVI wa dagaa katika Ziwa Victoria hupanga maisha ya kambini kwa kufuata mwezi: huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea wengi hurejea makwao.

Safari hizo huwahusu pia wakazi wa Kashai, mjini Bukoba, wanaopokea ndugu kutoka visiwani. Ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa mkoani Kagera Machi 21, 2023, mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka kisiwani Goziba, akaugulia kijijini kwake.

Dalili hujitokeza baada ya siku 2 hadi 21. Kabla yake mtu haambukizi. Zikianza, anayemuuguza ndiye hatarini.

Waliougua ni 9, wakafariki 6. Mlipuko ulitangazwa kumalizika Juni 2, 2023, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani 21 mara mbili.