Kipa Mzee, Mcheza Gofu Mzee: Mwili Hulegea Wapi Kwanza?

Kipa wa Bongo akishavuka miaka 30, mashabiki humhesabia siku. Juma Kaseja alikuwa na 32 alipodakia Kagera Sugar kwenye dimba la Kaitaba, Bukoba, mwaka 2017. Agosti 2019 alikuwa langoni Kasarani, Nairobi, Taifa Stars ilipoitoa Kenya kwa penalti 4-1 kuwania kufuzu CHAN. Mwezi uliofuata Burundi nayo ikang'oka kwa penalti jijini Dar es Salaam, kipa akiwa yuleyule, miaka 34.

Kwenye gofu, huyo angeitwa kijana. Mei 2021 Mmarekani Phil Mickelson alitwaa ubingwa wa PGA, moja ya mashindano manne makubwa zaidi ya mchezo huo, akiwa na miaka 50. Rekodi aliyoivunja, ya Julius Boros aliyeshinda akiwa na 48, ilikuwa imedumu tangu 1968.

Inawezekanaje? Mwili hauzeeki wote kwa mpigo. Kasi ya juu kabisa ya moyo hushuka karibu pigo moja kila mwaka. Uwezo wa kutumia oksijeni hupungua kama asilimia 10 kila miaka kumi baada ya 30, ingawa anayeendelea na mazoezi makali anaweza kupoteza nusu tu ya hapo. Kwenye misuli, nyuzi za kasi, zile za kuruka na kuchomoka, ndizo husinyaa mapema. Nyuzi za ustahimilivu huvumilia. Ndiyo maana utamkuta mzee wa Muleba akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kuelekea Kamachumu, taratibu, bila kusimama. Mwambie aruke mtaro, atauzunguka.

Mcheza gofu hakimbii na mpira wake umetulia chini, kwa hiyo moyo haumsumbui sana. Lakini fimbo hushuka kutoka begani hadi kwenye mpira kwa takriban robo sekunde, nguvu ikitoka ardhini, ikipita miguuni, nyongani na mgongoni. Hiyo ni kazi ya nyuzi za kasi. Zikipungua, mpira hauendi mbali. Kinachobaki ni akili ya mchezo: kusoma upepo na mteremko, kama kipa anavyosoma nyonga ya mpigaji kabla mguu haujagusa mpira.

Akili hiyo si haba. Novemba 2020, kwenye mashindano ya gofu ya Masters, Mjerumani Bernhard Langer wa miaka 63 alicheza siku ya mwisho sambamba na Bryson DeChambeau, kijana aliyekuwa akimwacha mbali mno kwa urefu wa mipira. Langer alimaliza kwa mipigo 71, kijana 73. Hata hivyo, hakuna kati yao aliyekaribia kombe.

Aliyelikaribia ni Tom Watson. Julai 2009 huko Turnberry, Uskochi, akiwa na miaka 59 na nyonga ya bandia aliyowekewa Oktoba iliyotangulia, alibakiza mpigo mmoja wa kama mita mbili na nusu achukue British Open. Mpira ukaishia njiani. Kwenye mashimo manne ya nyongeza, Stewart Cink wa miaka 36 akamwacha kwa mipigo sita. Naona miguu ilichoka kabla ya jicho: misuli ya mzee huchelewa kujikarabati, na hiyo ilikuwa siku ya nne mfululizo.

Mickelson hakutegemea ujanja peke yake. Siku ya mwisho, shimo la 16, alipiga yadi 366, karibu mita 335. Kwa hiyo wazee wanaweza kushinda, ila mara chache sana, na ni wale waliokataa kuiachia misuli.

Msomaji asiyejua hata fimbo ya gofu ana kipimo chake nyumbani: kuinuka kwenye kiti bila kushika popote, mikono kifuani, mara nyingi uwezavyo kwa sekunde 30. Ukishindwa hata mara moja, mapaja yanahitaji kazi, na kuinuka huko huko, mwanzoni kwa kushika, kila siku, ni zoezi tosha la kuanzia. Chakula nacho kina sehemu yake. Mwenye umri mkubwa anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa siku kwa kila kilo ya uzito, na sahani ya ndizi tupu haimfikishi huko. Maharage, dagaa na sato vipo, na msimu ukifika, senene. Mwenye maradhi ya figo amuulize daktari kwanza.