Volti Zilizopotea

Mwanafunzi wa kidato cha tatu kule Nyabiyonza, Karagwe, apewapo betri ya volti 12 na rezista mbili za omu 100,000 kila moja, kisha akaziunga kwa mfuatano, hutarajia kukuta volti 6 kwenye kila rezista. Akipima kwa mita ya mshale, huenda akasoma 4.8 tu. Apime na ya pili: 4.8 vilevile. Jumla ni 9.6, je, volti 2.4 zimekwenda wapi? Hapo ndipo rezista nzima hutupwa au, vibaya zaidi, mwanafunzi huandika 6 daftarini ili apate alama ya vema.

Rezista hazina kosa, wala Sheria ya Ohm haikuvunjika. Ili mshale usogee, sharti mita yenyewe inywe mkondo kidogo kutoka katika saketi. Mita nyingi za namna hii zina ukinzani wa omu 20,000 kwa kila volti ya ngazi iliyochaguliwa. Kwenye ngazi ya volti 10, basi, ni omu 200,000. Mita hiyo ikiwekwa sambamba na rezista ya omu 100,000, viwili hivyo kwa pamoja huwa omu 66,667 hivi. Zikigawanywa volti 12 kati ya 66,667 na 100,000, upande unaopimwa hupata 4.8, na ule mwingine, wakati huohuo, una 7.2. Kumbe hakuna kilichopotea: zile 4.8 mbili zilipimwa katika saketi mbili tofauti!

Kuhakikisha ni rahisi. Geuza swichi hadi ngazi ya volti 50. Sasa mita ina omu milioni 1, na mshale utapanda hadi 5.7 hivi. Usomaji ukibadilika sana kwa kugeuza swichi tu, mita ndiyo inayoingilia. Mita ya tarakimu, ambayo kwa kawaida ina omu milioni 10, itaonyesha 5.97.

Hata hivyo, mita isiyonywa mkondo nayo hudanganya kwa njia yake. Paneli ya jua ya volti 12, isipoungwa na kitu, huonyesha 21 hivi juani. Betri iliyochakaa, ambayo ukinzani wake wa ndani umeongezeka, huweza kuonyesha 12.5 ikiwa imepumzika, kisha ikaporomoka mara taa ziwashwapo. Anayeuza betri kuukuu atafurahi ipimwe hivyo hivyo ilivyo. Anayenunua na adai taa iwashwe kwanza, ndipo mita iwekwe.