Kinywaji Kizito cha Maziwa kwa Sikukuu

Wamarekani wana kinywaji chao cha Krismasi kiitwacho egnogi: maziwa, mayai, sukari na kungumanga, kizito kama kastadi. Wengi hutia ramu na kuacha mayai mabichi, wakiamini pombe itaua vijidudu. Sisi wauguzi hatuitegemei. Salmonela ikimpata mtoto mchanga, mjamzito au bibi, sikukuu huishia wodini.

Basi tunakipika. Piga mayai 6 na sukari nusu kikombe na chumvi kidogo sana. Chemsha maziwa lita 1, yaache yapungue moto, kisha mimina nusu yake polepole kwenye mayai huku ukikoroga. Ukiwa na pupa yataganda vipandevipande. Changanya yote, rudisha kwenye moto mdogo, koroga bila kuacha hadi mchanganyiko uwe mzito na kushika mwiko. Mwenye kipimajoto asubiri nyuzi 71. Usiache utokote. Chuja, tia vanila, poza upesi ndani ya beseni la maji baridi, kisha weka frijini. Asiye na friji akiandae kinywewe mara kinapopoa.

Nyunyiza kungumanga iliyokunwa papo hapo. Ya unga wa zamani haina harufu. Ramu tunaiacha, watoto nao wapate glasi zao.