MAMA MJAMZITO, USITUPE VIDONGE VYA SP

Sisi wahamasishaji wa afya tunapopita nyumba kwa nyumba, akina mama wengi hutuuliza: “Mimi siumwi wala sina homa. Kwa nini ninywe dawa ya malaria?” Wengine hupokea vidonge kliniki, wakifika njiani wanavitupa. Swali lao ni la haki, nasi tunalijibu hapa.

Malaria hujificha wapi?

Vimelea vya malaria huletwa na mbu. Kwa mama mjamzito, vimelea hivyo hujikusanya kwenye kondo la nyuma, mahali mtoto anapopatia chakula na hewa. Mama aliyeishi muda mrefu penye malaria nyingi, kama huku Kigoma, anaweza kuwa navyo asisikie homa. Hata kipimo cha damu ya kidoleni huweza kutoviona. Mama anachota maji, anakwenda kwenye mgao wa chakula, kumbe mtoto tumboni anadhoofika.

Madhara yake ni haya: mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito chini ya kilo 2.5, na mama kupungukiwa damu. Mama mwenye damu kidogo akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, maisha yake yako hatarini.

SP hunywewa vipi?

- Anza mimba ikitimiza wiki 13, yaani mwezi wa nne. Kwa hiyo wahi kliniki, usingoje tumbo liwe kubwa.
- Dozi moja ni vidonge 3, vinamezwa kwa pamoja mbele ya muuguzi, hata kama hujala.
- Rudia kila mwezi hadi kujifungua. Zamani dozi zilikuwa 2 tu, lakini tangu mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri zisipungue 3.

Nani asinywe?

Mama anayetumia septrini kila siku, au ambaye dawa za salfa zilimdhuru, asinywe SP. Mwambie muuguzi faraghani. Ni siri yako na yake.

SP peke yake haitoshi

Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Chandarua si uzio wa bustani. Ukipata homa, usingoje siku ya kliniki wala usinywe SP ukidhani ni tiba. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo upimwe. Nenda haraka pia, hata usiku, ukiona damu, degedege, viganja kuwa vyeupe, au mtoto ameacha kucheza.

Nanyi akina baba, msindikizeni mama kliniki na muulize tarehe ya kurudi. Mtoto ni wenu wote wawili.

Kinga ni bora kuliko tiba.