Popobawa na Damu ya Machinjioni

Khabari ndogo iliyopewa nafasi kubwa haijulikani kwa ukubwa wa maandishi yake peke yake. Yafaa kuuliza pia imewazuia watu wasisikie nini. Twaeleza hapa tuliyoyaona kwetu Vingunguti, Dar es Salaam, mwezi wa Februari mwaka 2007, siku ambazo popobawa alirudi vinywani mwa watu.

Watu wa pwani hawana haja ya kuelezwa sana popobawa ni nini. Ni pepo asemwaye kuwa na mbawa za popo, huja usiku na kuwafanyia watu ubaya ambao haya yatuzuia kuutaja katika gazeti lisomwalo na watoto. Khabari zake zilivuma Pemba na Unguja mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, hata watu wakawa wanakesha nje ya nyumba zao makundi makundi. Mwaka 2007 zikazuka Dar es Salaam, na BBC ikazitangaza ulimwenguni. Hapa mtaani watu walizizunguka meza za magazeti tangu asubuhi, wengi wao wakisoma vichwa vya khabari bila ya kununua. Jioni barazani kila mmoja alikuwa na nyumba ya kuitaja, lakini hatukumpata hata mmoja aliyesema ni nyumba yake mwenyewe.

Basi siku hizo hizo nchi yetu ilikuwa na homa ya Bonde la Ufa. Maradhi haya yalikwisha zuka Kenya mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua nyingi zilizozalisha mbu. Januari 2007 yakaonekana upande wa Ngorongoro, kisha yakaenea mikoa mingine, na Dodoma ikapata taabu kubwa. Huwashika ng'ombe, mbuzi na kondoo, wakaharibu mimba na kufa. Binadamu huyapata kwa mbu, na zaidi kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja, kuchuna na kuzalisha. Hata yalipokwisha, Tanzania walikuwa wamekufa watu zaidi ya 100.

Na Vingunguti ni mahali gani? Ndipo yalipo machinjio makubwa ya jiji. Mifugo hutoka mikoani, ikapita mnada wa Pugu, ikaletwa hapa. Nyumba nyingi za jirani zetu zaishi kwa kazi hiyo: huyu mchinjaji, huyu mchuna ngozi, huyu muuza utumbo na kwato.

Jioni moja tuliwauliza wanafunzi wetu chuoni nani amesikia khabari ya popobawa. Mikono yote ikainuka. Tukauliza nani ajuaye kwa nini nyama imekosa wanunuzi. Ikainuka miwili. Mtoto mmoja, ambaye baba yake ni mchuna ngozi machinjioni, aliweza kutuambia popobawa ametua juu ya paa la nani na saa ngapi; wala hakujua kwamba baba yake mwenye jeraha kidoleni hapaswi kutia mkono katika damu.

Hatusemi kwamba magazeti yaliinyamazia homa. Yaliiandika, na serikali ilitoa maonyo. Lakini khabari ya homa ina kazi: lazima aulizwe daktari wa mifugo, lazima hesabu ya hospitali iwe sahihi, na ukikosea utaulizwa. Popobawa hana daftari hospitalini. Kila asubuhi aweza kupewa mtaa mpya, na hapana atakayekuja kukanusha. Ndiyo maana bei yake ni rahisi kwa mwandishi na faida yake ni kubwa. Wala sisi hatukusalimika, maana siku mbili nzima za darasa tulizipoteza kubishana na vijana kama popobawa ni jini au si jini.

Surat al-Hujurat, katika aya ya 6, yatuamrisha kuichunguza khabari iletwayo na asiyeaminika, kwa kuogopa tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Mwaka 1995 kule Unguja kundi la watu lilimwua maskini mmoja, mgonjwa wa akili aliyetoka bara, kwa kumdhania kuwa ndiye popobawa. Yeye hakuwa pepo. Waliomsimulia popobawa usiku ule waliamka asubuhi wakaenda kazini kwao.

Tuliacha somo la siku ile, tukawaeleza watoto habari ya damu, ya kufunika majeraha, na ya kuipika nyama mpaka iive barabara. Yule mtoto wa mchuna ngozi akapeleka khabari nyumbani. Baba yake alicheka kwanza, ati maalimu wa chuoni amekuwa daktari wa ng'ombe. Baada ya siku tatu alikuja mwenyewe baada ya sala ya magharibi, kidole kimefungwa kitambaa, akakaa mkekani.

"Maalim," akasema, "na maziwa je? Mama watoto hununua mabichi."

Tukamjibu kwamba yachemshwe.