Kobalti huvuka mpaka ikiwa jiwe, hurudi ikiwa betri

KASESE — Mfanyabiashara wa Munkunyu anayekwenda soko la Bwera hubeba simu mfukoni. Ndani ya betri za simu nyingi mna kobalti, madini ambayo yaliwahi kutolewa hapa hapa Kasese.

Reli ilifika Kasese mwaka 1956 ili kubeba shaba ya Kilembe, iliyoyeyushwa Jinja. Mabaki yenye kobalti yalilundikwa karibu na mji, na maji ya tindikali yaliyotiririka humo yaliua majani hadi ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Kuanzia mwaka 1999, Kampuni ya Kobalti ya Kasese ilitumia bakteria kutenganisha madini hayo, hadi lundo lilipokwisha.

Kwa nini kobalti inatafutwa hivyo? Mwaka 1980, John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba oksidi ya kobalti, yaani kobalti iliyoungana na oksijeni, inaweza kuhifadhi lithiamu kati ya matabaka yake. Betri ikichajiwa, lithiamu hutoka humo na kwenda upande wa pili wenye kaboni, ikitumika, hurejea. Sony ilianza kuuza betri za aina hiyo mwaka 1991.

Lakini oksidi hiyo ina udhaifu. Lithiamu ikitolewa kupita takriban nusu, matabaka hulegea na betri huchakaa mapema. Tena kobalti ni ghali. Ndiyo maana watafiti huichanganya na nikeli na manganizi, au huzipaka chembe zake utando mwembamba wa oksidi ya alumini. Nikeli ikizidi, betri hubeba umeme mwingi zaidi, ila hustahimili joto kidogo. Katika baadhi ya michanganyiko mipya, kobalti ni sehemu moja tu kati ya kumi za metali hizo.

Hapo ndipo penye hoja kwa kanda hii. Kongo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Februari 2025 ilisimamisha kuuza kobalti nje ili kuinua bei iliyokuwa imeporomoka. Hata hivyo, bei ikipanda sana, viwanda huzidi kutafuta njia ya kuikwepa. Faida ya kudumu iko katika kusafisha madini na kutengeneza oksidi hapa hapa. Mwaka 2022 Kongo na Zambia zilitia saini makubaliano yenye shabaha hiyo.

Kwa anayenunua betri ya sola kwa ajili ya duka, njia hiyo ya kuikwepa kobalti tayari iko sokoni. Betri ya lithiamu yenye chuma na fosfati haina kobalti wala nikeli. Ni nzito kidogo kwa umeme uleule, lakini hudumu miaka mingi na hustahimili joto vizuri zaidi. Muulize muuzaji ni ya aina gani, na uhakikishe kidhibiti chaji kimewekwa kwa aina hiyo, kwani kile cha betri ya asidi huenda kisifae.

Betri ya simu iliyovimba isitobolewe wala kutupwa motoni, maana hulipuka. Na zile kuukuu zisidharauliwe: kobalti iliyomo haikuchakaa, na penye kiwanda cha kuitoa, hiyo ni mali.