Usawa kwa Nani? Mishahara ya Timu Tajiri na Timu Maskini katika Besiboli ya Marekani

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Katika Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, yenye timu 30, kisu hicho ni fedha za kuwalipa wachezaji mishahara. Kwa miaka mingi mashabiki wamelalamika kwamba timu chache za miji mikubwa huwanunua wachezaji bora, ilhali timu za miji midogo huambulia makombo. Malalamiko haya yalipata nguvu mpya baada ya Los Angeles Dodgers kutwaa ubingwa mwaka 2024 na kuutetea mwaka 2025.

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ana haja gani na mchezo ambao kwetu hauna viwanja wala mashabiki wengi? Jibu ni kwamba mjadala huu unaendeshwa kwa maneno tunayoyatumia kila siku katika uhakiki: tajiri, maskini, usawa, haki. Maneno haya yanapotumiwa bila kuchunguzwa huweza kumficha mwenye kunufaika. Makala haya yana lengo la kufafanua chanzo cha tofauti ya mishahara baina ya timu, hatua zilizochukuliwa kuipunguza, na kuonyesha kuwa neno "usawa" katika mjadala huu lina maana zaidi ya moja.

Chanzo cha Tofauti

Kila timu katika ligi hii hucheza mechi 162 kwa msimu. Baadhi ya haki za matangazo huuzwa na ligi nzima na mapato yake kugawanywa sawasawa. Hata hivyo, kwa muda mrefu mechi nyingi zimeuzwa na kila timu kivyake kwa vituo vya televisheni vya eneo lake. Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Mwaka 2013 Dodgers walifanya mkataba wa matangazo wa miaka 25 uliokadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 8. Timu iliyoko Milwaukee au Pittsburgh haiwezi kupata mkataba kama huo, maana watazamaji wa eneo lake ni wachache. Katika ligi ya kandanda ya Kimarekani hali ni tofauti: fedha nyingi za televisheni hukusanywa kitaifa na kugawiwa timu zote kwa usawa.

Aidha, besiboli ndiyo pekee kati ya ligi nne kubwa za Marekani isiyo na kikomo cha mishahara. Kandanda ya Kimarekani ina kikomo tangu 1994, mpira wa vikapu tangu msimu wa 1984-85, na magongo ya barafuni tangu 2005. Katika besiboli, timu yenye uwezo huruhusiwa kulipa itakavyo. Ndiyo maana Desemba 2023 Dodgers walimwahidi Shohei Ohtani dola milioni 700 kwa miaka 10, milioni 680 kati ya hizo zikiahirishwa kulipwa baada ya mkataba kwisha. Mwaka mmoja baadaye New York Mets walimwahidi Juan Soto dola milioni 765 kwa miaka 15.

Mchezaji Alipokuwa Mali ya Timu

Si vyema kuizungumzia mishahara hii mikubwa bila kurejelea historia. Kwa takriban karne moja, mkataba wa mchezaji ulikuwa na kifungu kilichompa mwajiri haki ya kumbakiza mwaka baada ya mwaka. Mchezaji aliweza kuuzwa au kubadilishwa kwa mwingine bila kuulizwa, na hakuwa na ruhusa ya kutafuta mwajiri mwingine.

Mwaka 1969 Curt Flood, mchezaji mweusi wa St. Louis Cardinals, alikataa kuhamishiwa Philadelphia. Alisema kuwa yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa, akaenda mahakamani. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu iliamua dhidi yake, na maisha yake ya uchezaji yakawa yamekwisha. Hata hivyo mbegu ilikuwa imepandwa. Mwishoni mwa mwaka 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kuwa wachezaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, walikuwa huru kwa kuwa walikuwa wamemaliza mwaka mmoja bila kutia saini mkataba mpya. Chama cha wachezaji kilichoongozwa na Marvin Miller kikautumia uamuzi huo kujadiliana na wamiliki, na hadhi ya mchezaji huru ikazaliwa.

Uhuru huu, hata hivyo, una masharti. Mchezaji huupata baada ya kuitumikia ligi kwa miaka sita. Katika miaka mitatu ya mwanzo aghalabu hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Baadaye huweza kupeleka madai yake kwa wasuluhishi. Sharti hili tulikumbuke, kwa sababu ndilo linaloeleza siri ya timu maskini.

Akili ni Mali?

Mfano unaotajwa sana ni Oakland Athletics ya mwaka 2002. Timu hii ilitumia takriban dola milioni 40 kwa mishahara, ilhali New York Yankees ilitumia zaidi ya dola milioni 120. Ilikuwa imempoteza nyota wake Jason Giambi, aliyechukuliwa na Yankees hao hao kwa dola milioni 120 za miaka saba. Licha ya hayo, Oakland ilishinda mechi 103, idadi sawa na ya Yankees, zikiwemo 20 mfululizo. Meneja mkuu wake, Billy Beane, alitumia takwimu kuwatafuta wachezaji ambao thamani yao haikuonwa na wengine, hasa waliokuwa na ustadi wa kufika kituo cha kwanza kwa njia yoyote ile. Kisa hiki kilisimuliwa na Michael Lewis katika kitabu Moneyball cha mwaka 2003, na filamu ikafuata mwaka 2011.

Masimulizi haya yanavutia kwa kuwa yana muundo tuujuao katika ngano zetu: sungura mdogo anamshinda ndovu kwa werevu. Lakini mhakiki hana budi kuuliza ni nini kilichoachwa nje ya hadithi. Nguzo za timu ile zilikuwa vijana kama warushaji Tim Hudson, Mark Mulder na Barry Zito, pamoja na Miguel Tejada aliyetuzwa kuwa mchezaji bora wa mwaka huo katika Ligi ya Marekani, mojawapo ya makundi mawili ya ligi kuu. Vijana hawa hawakuwa rahisi kwa sababu hawakuthaminiwa. Walikuwa rahisi kwa sababu kanuni ya miaka sita haikuwaruhusu kudai bei yao. Walipokuwa huru, Tejada alikwenda Baltimore na Zito akaenda San Francisco kwa dola milioni 126. Kwa hivyo werevu wa sungura ulisaidiwa na sheria iliyouzuia ujira wa vijana. Hiki ni kinaya ambacho hadithi ya ushindi haikisemi kwa sauti.

Fauka ya hayo, fedha huongeza uwezekano wa ushindi lakini haziuhakikishi. Mwaka 2023 Mets walikuwa na mishahara mikubwa kuliko timu zote, wakapoteza mechi 87 kati ya 162. Mwaka 2025 Milwaukee Brewers, timu ya mji mdogo, ilishinda mechi 97, nyingi kuliko timu yoyote. Lakini ilipokutana na Dodgers katika nusu fainali, ilishindwa mechi nne kwa bila.

Tiba Zilizojaribiwa

Mwaka 1994 wamiliki walitaka kuweka kikomo cha mishahara. Wachezaji waligoma tarehe 12 Agosti, na fainali za mwaka huo zikafutwa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1904. Mgomo ulikwisha mwaka 1995 baada ya Jaji Sonia Sotomayor kuwazuia wamiliki kulazimisha masharti yao. Badala ya kikomo, njia mbili zilifuatwa.

Ya kwanza ni ugavi wa mapato. Chini ya mkataba wa mwaka 2022, kila timu hutoa asilimia 48 ya mapato halisi ya eneo lake, fedha hizo hukusanywa pamoja, kisha hugawiwa timu zote kwa mafungu sawa. Ya pili ni ushuru maarufu kama kodi ya anasa. Mwaka 2025 kiwango kilichowekwa kilikuwa dola milioni 241. Timu iliyokipita kwa mara ya kwanza ilitozwa asilimia 20 ya kile kilichozidi. Kwa mfano, iliyotumia milioni 251 ingetozwa milioni 2. Anayerudia hutozwa asilimia 30, kisha 50, na wanaozidisha mno huongezewa adhabu.

Udhaifu wa tiba hizi ni kwamba zinamtazama anayetumia fedha nyingi na kumsahau anayetumia kidogo. Hakuna kima cha chini ambacho timu inalazimika kukitumia kwa mishahara. Mwaka 2018 chama cha wachezaji kiliwasilisha malalamiko rasmi dhidi ya Oakland, Miami, Pittsburgh na Tampa Bay, kikidai kuwa hazikuzitumia ipasavyo fedha za mgao kuimarisha timu.

Neno Moja, Maana Tatu

Kutokana na maelezo haya, tunaona kuwa neno "usawa" linabeba angalau maana tatu. Kuna usawa baina ya miji, unaohusu idadi ya watazamaji na mapato ya televisheni. Kuna usawa wa nia, baina ya mmiliki anayewekeza na yule anayeweka faida mfukoni. Kuna pia usawa baina ya mwajiri na mwajiriwa. Kikomo cha mishahara hulenga maana ya kwanza, lakini gharama yake hulipwa na upande wa tatu, yaani wachezaji. Anayesema "tuilinde timu maskini" huenda akawa anamlinda bilionea anayeimiliki. Timu huitwa maskini, ilhali mwenye timu si maskini hata kidogo.

Walioumia zaidi hawaketi katika meza ya mazungumzo. Baada ya msimu wa 2024 Athletics iliondoka Oakland, ikahamia Sacramento kwa muda huku ikisubiri uwanja wa Las Vegas. Mashabiki walioishangilia tangu 1968 waliachwa mikono mitupu. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa tofauti ya mishahara katika besiboli haitokani na ulafi wa wachezaji, bali na mapato ya miji yasiyolingana, pamoja na hiari ya wamiliki. Ligi ni kazi ya ushirika: hakuna timu iwezayo kucheza peke yake, na kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa mantiki hiyo, kugawana mapato ya televisheni kwa upana zaidi na kuweka kima cha chini cha matumizi kungeugusa mzizi wa tatizo kuliko kumpunguzia mchezaji ujira. Mkataba wa mwaka 2022 ulipangiwa kumalizika tarehe 1 Desemba 2026, na suala la kikomo halijakosa watetezi.

Jambo hili haliko mbali nasi kama linavyodhaniwa. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, na mwaka 2022 Dodgers waliwasajili vijana wawili kutoka nchi hiyo. Kanuni zitakazoandikwa huko ndizo zitakazoamua thamani ya jasho la kijana wa Afrika Mashariki. Kwetu sisi wanafunzi wa lugha, funzo ni hili: tusikiapo mtu akitetea usawa, kwanza tumwulize, usawa wa nani na nani, na kwa gharama ya nani.